Upande wa Nyuma wa Jiwe

Mchonga mawe ya makaburi alikuwa na sifa moja mjini: aliandika lugha za watu wote waliowahi kushuka pale bandarini, na hakuweza kusoma hata moja ila ya mama yake. Waliokuja na vitambaa, waliokuja kujenga reli, waliokuja kwa muda mfupi wakasahau kuondoka, wote walifia hapa na wote walitaka mawe. Familia ilileta karatasi yenye maneno, fundi akayanakili juu ya jiwe kwa penseli, kisha akashika patasi. Herufi za kuanzia kulia, za kuanzia kushoto, na zile zinazoning'inia kama nguo kambani, zote zilipita mikononi mwake bila kumwambia kitu. Vijana wa kijiweni walimtania kwamba ipo siku atachonga tusi kwenye kaburi la tajiri na kupewa asante. Alicheka nao, maana hakuna marehemu aliyewahi kurudi kulalamika.

Mke naye alimpata kwa njia hiyo hiyo ya mawe. Baba yake binti alikuwa muuza vitambaa wa ng'ambo, mwenye duka karibu na forodha. Alipofiwa na mama yake mzazi aliagiza jiwe, akawa anamtuma binti kuangalia kazi imefika wapi. Kazi ile ilichelewa kwisha, na sababu mnaijua. Walipooana, nyumba ya muuza vitambaa ilimfungia binti mlango. Kaka yake, ambaye zamani alikuwa akija uani kwa fundi kula karanga na kupiga soga, sasa akawa anavuka barabara kila akimwona. Bendera ikabadilika, biashara ikadorora, watu wale wakaanza kuondoka kwa meli, familia baada ya familia. Wa kwao waliondoka bila kuaga. Mke alizipata habari kwa muuza maziwa, akaendelea kuosha vyombo, na fundi akachutama kumsaidia.

Hawakujaliwa mtoto. Walizeeka wawili katika chumba kilichojaa vumbi la mawe, yeye akimwita mumewe "Fundi" kama siku ile ya kwanza. Sokoni aligomba kwa lugha ya mji kuliko wenyeji wenyewe, lakini usingizini aliongea ya kwao. Kusoma hakujua. Kwao mabinti hawakupelekwa kwa mwalimu, wala wanawake hawakwenda makaburini.

Ugonjwa ulipomlaza, alimwita mumewe akae kitandani.

"Fundi, unizike kule alikolala bibi yangu."

"Acha maneno hayo, bwana. Utapona."

"Nisikilize kwanza. Uniandikie jina langu kwa herufi za kwetu. Kaka yangu namjua, moyo wake si mgumu vile. Iko siku atakuja. Akija, anione."

"Atakuona," alisema fundi, na hapo akawa ameahidi.

Alimzika makaburi ya watu wa mkewe. Hakubaki hata mmoja wao wa kumkatalia, na jambo hilo lilimuuma kuliko kama angekataliwa. Baada ya hapo akaanza kutafuta mtu wa kumwandikia jina. Alipiga hodi kila palipokuwa na mlango wa watu wale. Nyumba yao ya ibada ilikuwa imegeuka ghala la matairi, na mlinzi wake alimuuliza anataka saizi gani. Basi fundi akaenda kwenye jiwe la bibi, lile alilolichonga mwenyewe ujanani, kwa sababu mkewe alikuwa amerithi jina la bibi huyo.

Mbele ya jiwe kulikuwa na mstari mrefu, na nyuma neno fupi. Fundi hakuona cha kujiuliza. Kwa wateja wake wengine wote jina lilikaa mbele, na watu wale, alivyowajua, wangeweza kabisa kujibandika jina la mtu na baba na babu na ukoo mzima. Lile fupi la nyuma alilihesabu kuwa sala. Sala asiyoijua maana aliogopa kumwekea mkewe. Akanakili mstari mrefu, akauchonga kwa namna ambayo hakuwahi kumchongea mtu, kila kona imekaa sawasawa. Alipomaliza aliupitisha kidole, akalia, na akaona ahadi ameitimiza.

Miaka ilipita. Asubuhi moja mwanamke wa makamo mwenye begi mgongoni alisimama mlangoni kwake.

"Shikamoo mzee. Nimeambiwa wewe ndiye uliyemwoa shangazi yangu."

Fundi alimtazama usoni, akatafuta mahali pa kukaa. Pua ilikuwa ile ile.

"Marahaba, mwanangu. Lugha ya huku umeipata wapi?"

"Kwa baba. Alikuwa akikasirika ndiyo anaiongea." Akatabasamu kidogo. "Ametutoka mwaka jana. Nimekuja kutafuta kaburi la shangazi."

Walikwenda pamoja, mzee akitangulia kwa haraka isiyolingana na magoti yake. Alimwonyesha jiwe kwa mkono wote, na fahari haikujificha usoni mwake. Mgeni aliinama, akasoma kimya, akazunguka nyuma. Alirudi mbele, akazunguka tena.

"Mzee, jina liko wapi?"

"Si hilo hapo mbele?"

"Hapa pameandikwa, 'Amelala mbali na kwao.' Kwetu mbele tunaweka maneno ya kuagana. Jina linakaa nyuma."

Fundi alikwenda nyuma ya jiwe. Palikuwa peupe, pamelainishwa vizuri, mikono yake mwenyewe ndiyo iliyopalainisha.

"Mbali na kwao?" aliuliza. "Hapa ndipo kwao. Yeye hakuondoka."

Mgeni alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja.

"Sema, mwanangu."

"Baba alikuja huku aliposikia dada yake amefariki. Meli aliyokuja nayo ilitia nanga siku moja tu. Kwako aliona haya kuja, akaja moja kwa moja hapa, akapita nyuma ya kila jiwe akisoma majina. Akarudi anatuambia dada yake hayupo, labda alihama mji akafia kwingine." Akaligusa jiwe. "Alisema kuna jiwe moja tu halina jina. Alimhurumia mwenye kaburi, maskini, akamwachia maua aliyokuwa amemletea dada yake."

Mzee alishika jiwe kwa mikono miwili, akaegemeza paji la uso juu yake. Alilia kwa sauti, bila kujali mpita njia. Mgeni akaja akasimama karibu yake, mkono begani, mpaka kilio kikapungua.

Kisha fundi akapapasa mfukoni, akatoa kipande cha penseli, akampa.

"Andika," alisema. "Andika kubwa."