Kiti cha Ijumaa Saluni kwa Marva

Orpha Stidham hakuwa na digrii ya kitu chochote, lakini kiti cha Ijumaa asubuhi pale saluni kwa Marva kilikuwa chake kama meno yake ya bandia. Katika mji ule wa milimani Kentaki, Marekani, kila mwanamke wa umri wa kujiheshimu ana saa yake ya kuoshwa nywele na kufungwa rola, na saa ya mtu haiguswi. Mke wa meya aliwahi kumwomba wabadilishane, akaambiwa asubiri Orpha afe.

Ijumaa hiyo maneno yalikuwa yale yale, tangu Dewey Pruitt aingie kiwanda cha kuku na bunduki ya kuwindia, akaua watu sita kisha akajimaliza. Alikuwa mwendawazimu, au roho mbaya tu? Huko runingani wataalamu ambao hawajawahi kuukanyaga mlima huu walishampasua ubongo kwa midomo. Glenda, aliyekuwa akingoja zamu yake na gazeti mkononi, alisema ni michezo ya kompyuta. Wiki iliyopita alisema ni mashetani, na kabla ya hapo, kukosa baba. Orpha akamkumbusha kwamba yeye Glenda naye alikosa baba, na bado hajaua mtu ila kwa umbea.

"Mama yake alijua, shoga," Glenda akasema. "Mama hujua."

"Na wako alijua utakuwa hivi?"

Orpha naye alikuwa na jibu lake. Dewey alipokuwa mdogo aliupanda mpeasi wake na kuiba peasi, na Orpha alishawaeleza watu mpaka wakachoka kwamba mambo huanzia hapo.

Marva hakuchangia. Shemeji yake alikuwa mmoja wa wale sita. Alikaza rola mpaka nyusi za Orpha zikapanda, na Orpha, ambaye siku nyingine angemtukana, akavumilia.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Lorna Pruitt, mama yake Dewey, ambaye saa yake ilifuata ya Orpha tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi.

"Nimekuja kwa saa yangu," akasema. "Jana ndiyo wamenipa mwili wake. Namzika mchana huu."

Marva hakugeuka. "Saa yako nimempa Glenda."

Lorna hakuondoka. Alisema amewasikia tokea nje, na kwamba polisi wamemuuliza, daktari kamuuliza, mchungaji naye kamuuliza kwa nini.

"Nyie mnajua kwa nini alifanya," akasema. "Basi niambieni na mimi."

Glenda akaanza kulisoma gazeti, akiwa amelishika kichwa chini. Orpha akazifikiria zile peasi. Zilikuwa tano au sita, tena chungu.

"Sijui, Lorna," akasema. "Nilidhani najua." Akainuka, nusu ya kichwa ina rola, nusu inachuruzika maji. "Kaa hapa. Hizo nywele zako zinautia aibu mji mzima."

"Bibi Orpha, mimi simgusi," Marva akasema.

"Kiti ni changu leo, nampa nimtakaye. Nitamwosha mwenyewe. Na unavyonijua, nitamchoma."

Marva akakitua kitana mezani. Kisha akafungua bomba, akayajaribu maji kwenye kifundo cha mkono, akapunguza ya moto.

"Sijamsamehe," akasema.

"Hata mimi," Lorna akajibu, akakaa, akalaza kichwa kwenye beseni.

Orpha akajifunga skafu, akashika njia ya nyumbani kupitia barabara kuu, upande mmoja wa kichwa umetuna kama boga. Kufikia jioni mji ulikuwa umemsahau Dewey kidogo. Ulikuwa ukibishana kama Orpha Stidham amerukwa na akili, au ni jeuri yake tu. Glenda alikuwa na majibu matatu.