Naombeni Kula Zenu

Wiki iliyopita nilikwenda shule moja ya msingi huko Buhongwa kumpelekea mwanangu sweta alilolisahau, nikakuta wanafunzi wanachagua dada mkuu. Mgombea, binti wa darasa la sita, alipanda juu ya dawati, akafunga mikono nyuma.

"Naombeni kula zenu!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mwalimu wa zamu akainua kidole. "Kura, siyo kula! Kula ni kwa mdomo, kura ni kwa karatasi."

Binti akajaribu tena, ikatoka "kula" ileile ya kwetu Usukumani. Akashusha pumzi.

"Basi mwalimu, naomba zote mbili. Ya karatasi tunapiga leo. Ya mdomo je? Mahindi waliyoleta wazazi yamejaa stoo tangu muhula uanze, mbona makande hatuyaoni?"

Kicheko kikakatika. Mwalimu mkuu akaanza kufuta miwani iliyokuwa safi kabisa. Binti alishinda, na juzi mwanangu alirudi nyumbani ameshiba.

Msimcheke. Wagombea wetu wakubwa huitamka "kura" vizuri sana. Ulimi huwateleza wakishaipata.