Ng'ombe wa Mahari Wamekuja kwa Turbo

Leo mchumba wangu amekuja kwetu na mahari yote ndani ya gari. Hebu nisikilizeni.

Guyo aliuza ng'ombe alioahidi kunitolea mahari, akanunua gari ya spoti. Ina turbo, na magurudumu yote manne yanavuta.

Halafu, kwa akili zake mwenyewe, akaipeleka Mombasa ikashushwa mpaka inakaribia kulamba lami.

Lami! Huku kwetu nje ya Garsen, na jana mvua ilinyesha!

Ameingia kwa mbwembwe, eksozi inalia kama bunduki, mbuzi wanatawanyika. Mara tumbo la gari likakaa kwenye tope. Magurudumu yote manne yanazunguka, gari haiendi popote.

Mimi nilikuwa narekodi. Mnaitaka hiyo video ama nimwonee huruma?

Baba akainama dirishani, akamuuliza kwa upole: "Guyo, ng'ombe wangu wako kwa buti?"

Guyo akakanyaga mafuta tena. Tope tu likaruka.

Basi baba akaita wachungaji wake wasukume. Wakaitoa, wakaigeuza ikaangalia Garsen.

Kisha baba akaichapa buti kwa fimbo, vile huwa anafukuza ng'ombe wa wenyewe.