Kandege ka kaka yangu kamekula jina la fasi

Nimechoka na kaka yangu Bahati. Nimechoka kabisa!

Ni baba wa batoto wawili, lakini kila mchana anarusha droni nyuma ya nyumba yetu hapa Juru, kambi ya wakimbizi. Ni kandege ka plastiki, alikanunua Mbarara kwenye duka la simu.

Kakiruka tu, radio ya Mama inaanza krrrr, husikii kitu. Tumemwambia mara mingi. Anajibu, "Iyo radio imezeeka!"

Leo Mama alikuwa anachagua maharage huku anasikiliza matangazo ya watu wanaotafutana. Mara mtangazaji akasema:

"Esperance wa Mwenga anatafuta dada yake Furaha, mama ya Bahati. Esperance sasa anakaa..."

Krrrrrrr.

Jamani, Furaha ni mama yetu! Tangu tukimbie vita kule Mwenga, hatukujua kama mama mdogo Esperance yuko muzima.

Nikapiga kelele, "Bahati, zima!"

"Ngoja kashuke kwanza, katavunjika!"

Kakashuka polepole, kama kako na bwana harusi ndani. Radio ikarudi safi. Mtangazaji alikuwa ameshafika kwa mtu mwingine.

Mama hakugomba. Alisema tu, "Iko muzima," halafu akalia, maharage yakiwa mikononi. Bahati amekaa chini karibu yake. Sasa ndiyo anaona!

Wenye mulisikiliza radio leo mchana, mtangazaji alitaja fasi gani, mama mdogo anakaa wapi? Munipigie simu. Kama hukusikia, uliza jirani yako.

Mama iko hapa kando yangu. Kila simu ikilia, anauliza, "Bamesema wapi?"