Kiti Chini ya Mto

Pale Gando, Silima alijulikana kwa mikate ya mofa aliyoichoma mkewe, Bi Asya, na kwa baiskeli ya kuisambazia ambayo hakuwa tayari kumwazima mtu hata angemlilia. Alipoteguka mguu akichuma karafuu, hofu yake ilikuwa majirani wasije wakaipanda yeye yuko kitandani. Basi akakichomoa kiti, akakiweka chini ya mto wake. Mtu mzima mwenye wajukuu, analalia kiti cha baiskeli!

Mguu ulipopona alitoka na kiti chake kwapani, akakuta lile bomba la baiskeli kinamochomekwa kiti limepata wenyewe. Mdomoni mwa bomba palichomoza kijimrija cha nta, na nyuki wadogo weusi, wale wasiouma, wanaingia na kutoka. Kwa kawaida yao hukaa kwenye pango la mti au ufa wa ukuta, lakini tundu liliachwa wazi, nao wakahamia. Silima aliwapungia mkono waondoke; wakamwingia machoni, puani na ndevuni.

Kiti kisingeingia bila kuwasaga, na mofa ikipoa haina mnunuzi. Asubuhi akajaribu kupanda hivyo hivyo bila kiti, amesimama wima, makalio hewani, wanawake wanamcheka milangoni. Aliporudi alikuta nyuki waliokuwa matembezini wametanda pale pale baiskeli ilipokuwa imeegemezwa, wanatafuta nyumba yao. Aliona haya kweli kweli. Akaiegemeza upesi, wakaanza kuingia.

"Watilie mafuta ya taa, mambo yeshe!" Bi Asya akamkabidhi chupa. "Au weye wataka mikate yangu ipoe?"

"N'tatia. Wacha waingie wote kwanza, n'sije n'kawaacha wengine nje mayatima."

Akakaa na chupa yake. Kila akisema huyu ndiye wa mwisho, mwengine huyoo anakuja, miguu imejaa utomvu. Jua lilipozama, waliokuwa ndani wakauziba mdomo wa mrija kwa nta, kimya.

"Ushatia?" Bi Asya aliuliza kutoka jikoni.

"N'tie vipi, Bi Asya? Watu washafunga mlango, wamelala."

Bi Asya alitoka, akamnyang'anya chupa yake. "Basi kesho utabeba kichwani."

Asubuhi Silima alijitwika kikapu cha mofa za moto, akapita kando ya baiskeli akinyata, asije akawaamsha.