Filamu ya Mtu wa Buti

Mara ya kwanza kuiona filamu ile nilikuwa kijana, katika jumba la sinema la Kitwe, nimekaa na msichana ambaye baadaye alikuja kuwa mke wangu. Muuaji wa filamu ile hakuonyeshwa uso. Zilionyeshwa buti tu, zikipita kwenye majani, zikipanda ngazi, zikisimama nje ya mlango. Hakuwa na haraka na hakusema neno. Yule msichana alinishika mkono akaukaza mpaka mwisho, na hata tulipotoka nje kwenye jua hakuuachia. Mimi nilijifanya nacheka. Kwa siku nyingi baadaye sikuweza kwenda bafuni, kule nyuma ya nyumba ya kupanga, bila kugeuka geuka.

Miaka mingi ikapita. Nilifanya kazi mgodini, nikauza dagaa wa kapenta Mpulungu, nikapanda malori ya watu kama utingo na baadaye kama dereva, nikarudi tena Kitwe. Nilikuwa mtu wa kuondoka. Mahali popote nilipokaa nilianza kukumbuka nilipotoka, na nikirudi huko nilikuwa nakumbuka nilipopaacha. Mke wangu alizoea. Alikuwa akisema anaolewa upya kila nikirudi.

Kisha alifariki, nami nikarudi Sumbawanga nikiwa na begi moja. Njiani, pale Tunduma, mitumba na redio na vitu vya kila aina vilikuwa vimemwagwa chini hadi barabarani, maana biashara ilikuwa imefunguliwa na kila mtu alikuwa muuzaji. Katika lundo la kanda za video niliona picha ya buti. Nikainunua. Nilitaka kujua kama bado inatisha.

Nieleze vizuri. Tangu mazishi nilikuwa sihisi kitu. Sisemi nilikuwa na huzuni, huzuni ninaijua. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unauona ni wako, unaubonyeza, haukujibu. Nilikula, nililala, nilipanda basi. Nikawaza kwamba kama kuna kitu kinachoweza kunishtua, labda ni zile buti, kwa kuwa zilinishtua nikiwa naye.

Dada yangu alikuwa anakaa Izia, upande ule wa mji ambao nyumba zinaishia na mashamba yanaanza. Nilimkuta uani anapepeta ulezi. Alitazama nyuma yangu kabla hajanisalimu.

"Wifi yuko wapi?"

"Alifariki."

"Lini?"

"Wakati wa mvua."

Aliweka ungo chini. Akalia palepale, peke yake, mimi nimesimama na begi mkononi. Alipomaliza alijifuta kwa kanga akasema atume mtoto kwa majirani, watandike mikeka, watu waje. Nikamkataza. Nikamwambia tulishazika, tulishakaa matanga, yamekwisha kule.

"Kule wapi? Kwani sisi si watu?"

"Dada, niache."

"Alilima na mimi hapa, yule, mlipokuwa mkikaa kwetu. Tulipiga matuta pamoja mpaka mikono ikachubuka. Watu wanamjua. Wakiniuliza niseme nini?"

"Sema hajambo. Yuko kwao."

Sikumpa sababu. Sababu yenyewe ilikuwa kwamba kule Kitwe nilikaa matanga kwa macho makavu, na nilimwona shangazi wa marehemu akinitazama. Nilijua Izia wangenitazama vilevile. Mwanamume anaweza asilie, hilo linakubalika, lakini mtu anaona kama unajizuia au huna kitu cha kuzuia. Sikuwa na kitu cha kuzuia.

Basi dada akawa anasema uongo. Kila asubuhi alipokwenda kuchota maji walimuuliza, na kila asubuhi alijibu hajambo. Alirudi na ndoo akapita bila kunitazama. Siku moja alisimama mlangoni kwangu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Unanifanya nimsalimie maiti." Akaenda jikoni. Tangu siku hiyo kila tulipokutana uani nilijua anachosubiri, naye alijua sitasema.

Mume wake, shemeji yangu, alikuwa karani wa ushirika mpaka ushirika ulipokufa. Mahindi sasa yalinunuliwa na watu binafsi waliokuja na malori yao, na lile ghala kubwa lilibaki tupu. Shemeji akapangisha nusu yake. Akaleta televisheni ya rangi, deki, na jenereta iliyofungwa nje chini ya bati, akaandika mlangoni kwa chokaa: VIDEO. Watu walikalia magunia yaliyokunjwa. Ndani bado mlinukia mahindi na ile dawa ya wadudu.

"Shemeji," aliniambia, "wewe umesoma mpaka kidato cha nne, na huko Zambia umekaa na Waingereza."

"Nimekaa na Wabemba."

"Ndio haohao. Utatutafsiria."

Ndivyo nilivyopata kazi. Nilisimama kando ya televisheni, nikasema kwa Kiswahili yale yanayosemwa, nikaongeza na yasiyosemwa. Watu walitaka kujua nani mtoto wa nani. Walitaka kujua ukoo. Mtu akiingia kwenye picha bila kuelezwa walilalamika, hivyo nilijifunza kuwapa wote wajomba na mashangazi. Mzee mmoja alikataa kuendelea kutazama karate mpaka nimwambie yule bwana wa ndevu alioa kwa nani.

Siku ya mnada mji ulijaa. Wasukuma waliopandisha ng'ombe kutoka bondeni waliuza, wakanywa, halafu wakaja kuangalia video kabla ya kurudi. Jumamosi moja ya mnada nikamwambia shemeji tuweke kanda yangu. Ghala likajaa mchana kweupe. Nikaanza.

Niliwaambia hawa ni vijana wa shule wamekwenda kupumzika kwenye nyumba za mbao kando ya ziwa. Wakauliza wazazi wako wapi. Nikasema wamebaki mjini. Wakaguna. Buti zikatokea. Nikashusha sauti kama nilivyokuwa nimepanga, nikangoja.

"Mshikaji anatembea kama ameshiba ugali wa ulezi," kijana mmoja alisema.

Wakacheka. Buti zikapanda ngazi.

"Huyu aje huku. Wazee watamtumia radi kabla hajafika kituo cha basi."

"Nyie Wafipa mnapenda kujisifia hiyo radi," alijibu mzee wa Kisukuma aliyekaa mbele, mwenye kofia ya sufu na kandambili za tairi. Alikuwa ametoka Ilemba, kule bondeni, na ng'ombe wawili, mmoja hakupata mnunuzi, akamfunga nje karibu na jenereta. "Mbona mkiibiwa kuku mnatuita sisi?"

Wakacheka zaidi. Kisu kilipoingia wakasema damu ile ni rangi. Walikuwa watu wa kuchinja, walijua damu inavyobadilika ikikaa. Msichana aliyeingia peke yake kwenye chumba cha giza walimwita mjinga, na alipokufa walisema alitaka mwenyewe. Nami nilitazama buti nikiwa nimesimama palepale, nikijibonyeza kwa ndani. Hakuna kilichojibu. Ilikuwa picha ya mtu aliyevaa viatu. Niliendelea kutafsiri kama anayesoma bei za mazao redioni.

Kuna sehemu niliyokuwa nimeisahau kabisa. Msichana aliyebaki anatoka mbio, anafika kwenye nyumba nyingine, anapiga mlango na kupiga kelele. Ndani taa inawaka. Kivuli cha mtu kinaonekana dirishani kimekaa mezani. Mlango haufunguliwi.

Nikaacha kutafsiri.

Mke wangu alizidiwa siku ya Jumapili mchana. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja katika safu mbili ndefu za vyumba, milango yote inatazamana. Nilitaka watu wanisaidie kumbeba mpaka barabarani. Niligonga mlango wa kwanza, nikagonga wa pili, nikaita, na niliita kwa Kibemba kizuri. Redio zilikuwa zinalia mle ndani. Nafikiri walidhani ni walevi, kwa kuwa Jumapili walevi walikuwa wengi pale. Sina ugomvi nao. Nilimbeba mwenyewe, na kabla ya kufika barabarani nilijua nambeba bure, lakini niliendelea kutembea.

"Tafsiri basi," yule mzee wa Kisukuma alisema. "Anasemaje?"

"Anaomba msaada."

"Hao wa ndani wanamsikia?"

"Wanamsikia."

"Sasa wanafanya nini?"

"Wamekaa."

Hakuna aliyecheka. Nikasikia jenereta nje. Mama mmoja alimvuta mtoto wake akampakata. Kijana wa ugali wa ulezi aligeuka kuutazama mlango wetu, kama uko wazi.

Mzee akasimama. Akaweka kiganja mdomoni, akapiga yowe.

Kwao yowe si kelele tu. Likipigwa, kila mwenye miguu anakimbilia linakotoka, na asiyekwenda ataulizwa kesho alikuwa wapi. Izia walikuwa wamekaa na Wasukuma muda wa kutosha kulijua. Kabla shemeji hajafika kuzima deki tulisikia watu wanakimbia. Waliingia na fimbo, na mapanga, na majembe ya shambani yenye udongo. Fundi viatu alikuja na nyundo. Wanawake wa mashineni walikuja weupe kwa unga, mmoja ameshika mchi ambao sijui aliutoa wapi. Ng'ombe wa mzee alikata kamba akaingia katikati yao, na kwa muda mfupi watu walimkimbia ng'ombe.

Mwenyekiti wa mtaa alipenya akihema. "Kuna nini humu?"

"Hakuna kitu, mwenyekiti," alisema shemeji. "Ni video."

"Video ndiyo imepiga yowe?"

"Ni mzee huyu."

Mzee alikuwa anatafuta kandambili yake chini ya magunia. "Najua ni picha," alisema bila kuinuka. "Mimi si mtoto. Lakini mtu anaita namna ile, na mimi nimekaa. Nimeshindwa."

"Umetutoa shambani kwa ajili ya Mzungu wa kwenye kioo," mtu alisema nyuma, na wengine wakaanza kucheka, kile kicheko cha watu waliokimbia wakakuta hakuna aliyeumia.

Mwenyekiti hakucheka. Mtu aliyekuja kwenye yowe haondoki bila kuambiwa, na yeye alikuwa amekuja mbele ya watu wake. Akanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye niliyesimama karibu na televisheni na ndiye mwenye kazi ya kueleza.

"Wewe sema. Nani amekufa?"

Nilikuwa na jibu la filamu. Ningeweza kumtajia vijana wote wa ile nyumba ya mbao, na wajomba zao niliowapa mwenyewe. Niliwatazama watu waliojaa mlangoni hadi nje, vifua vinapanda na kushuka, udongo miguuni.

"Mke wangu," nikasema.

Walidhani natania. Halafu wakaona sitanii.

"Yule wa Zambia?" aliuliza mwanamke mwenye mchi.

"Ndiye."

"Dada yako si alisema hajambo? Juzi tu, pale kisimani."

"Nilimwambia aseme hivyo."

Akalaza mchi chini taratibu, kama ungevunjika. Mwenyekiti alivua kofia. Wakaanza kunipa pole, mmoja mmoja, kwa Kiswahili na kwa Kifipa, wakipiga makofi yale ya chini ya kumpa mtu heshima, na mikono iliyonishika ilikuwa bado ya moto kwa kukimbia. Mtu alizima jenereta. Hakuna aliyerudi shambani. Walitoka ghalani pamoja, na wale waliokuwa ndani wakawafuata, tukaenda kwa dada watu wote wale, na ng'ombe nyuma.

Dada alituona tunaingia. Alianza kutandika mikeka.

Sikulia. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia habari hii hungoja niseme nililia. Nilikaa pale mkekani na macho makavu, na nilivyoogopa kutazamwa ndivyo nilivyotazamwa, na haikuwa kitu. Wanawake wa mashineni walileta unga. Yule mzee alikaa karibu yangu, ananyoosha goti lake lililouma. Dada alilia kwa sauti, akamwimba wifi yake jinsi alivyokuwa akilima na kupumzika na kucheka, na wengine wakampokea.

Jioni mama mmoja mzee, mwanachama wa jumuiya ndogondogo ya Kikristo ya pale, alinisogelea akasema kesho atapeleka nia kanisani, marehemu asomewe misa. Akaniuliza jina.

Nilikuwa sijalitaja tangu mazishi. Nikalitaja. Lilikuwa jina la kule kwao Zambia, gumu kwa watu wa hapa. Wakalirudia, wakalikosea, mwingine akamsahihisha mwenzake naye akakosea. Nikalitaja tena, polepole, mpaka wakalipata.