Koki Ndambuki na Uzio wa Kumbukumbu

Nilimwajiri Koki Ndambuki mwaka wa 1984. Nilikuwa na kompyuta moja ya mtumba niliyowakodishia wateja kwa saa, na yeye, binti wa mtaa wa Umoja asiyependa maneno mengi, alikijua kiini chake kuliko walioniuzia. Kiini ni ile programu inayozigawia programu nyingine nafasi za kumbukumbu.

Mwaka uliofuata programu ya matokeo ya mitihani, aliyoiandika mfanyakazi wangu mwingine, Kitonga, ikaanza kufa katikati ya kazi. Shule kumi na moja zilitaka matokeo Ijumaa ya wiki iliyofuata. Nikamwambia Koki kwamba Kitonga ataondoka.

"Mzee Irungu, mwenye nyumba yenye ufa si lazima ndiye aliyeuleta," akasema. "Kwetu Umoja mtu anaongeza chumba, ukuta wa jirani ndio unapasuka. Nipe siku kumi nitie uzio kwenye kiini."

"Tatu."

"Kwa tatu utapata lango bila ua. Nane."

"Tano. Kitonga anabaki mpaka hapo."

Akaanza. Baada ya kila nafasi iliyogawiwa, kiini kikaacha kipande kitupu chenye alama. Alama ikiharibiwa, kiini kinachapa jina la sehemu ya programu iliyopewa nafasi hiyo. Mashine ikawa nzito, wateja wakanung'unika, nami nikawazidi. Kitonga, mwenye mtoto mchanga kule mtaa wa Tena, alishaanza kufunga karatasi zake.

Siku ya nne, mchana, Koki akaja na karatasi.

"Umempata?"

"Ni mimi. Sehemu ya kuchapa vichwa vya kurasa niliiandika mimi, nikaitengea herufi arobaini. Halafu wewe ukaleta jina jipya la kampuni." Akalisoma bila kucheka: "Irungu na Wanawe, Wataalamu wa Hesabu na Kompyuta, Nairobi. Hamsini na nane, pamoja na mapengo na mikato. Zilizozidi zinaandikwa juu ya kazi ya Kitonga."

Hakuna mwingine pale aliyeweza kuisoma karatasi ile. Angetaka kunyamaza, angenyamaza.

"Tufupishe jina," akasema.

"Ongeza nafasi. Bahasha nimeshachapisha."

Akaongeza. Ijumaa, kabla ya chakula cha mchana, matokeo ya shule zote yalikuwa yamekwisha. Koki alitaka uzio ubaki daima. Tukapatana kila programu mpya ipite humo kwanza, kisha wateja wapewe mashine nyepesi, isiyo na uzio.

Kitonga akafungua karatasi zake. "Bosi, kumbe aliyekuwa ananiua ni 'Kompyuta, Nairobi'," akasema, kisha akaniomba meza ya dirishani.

Nikamwambia hiyo tutaizungumza.